Usiuharakishe Mti: Namna ya Kukausha Fimbo za Kutembelea

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na fundi mmoja wa useremala mbele ya wakulima na vijana wanaojifunza kazi za mikono. Tumeyaandika kama alivyoyasema.

Nimeombwa niseme juu ya fimbo za kutembelea, na hasa juu ya namna ya kukausha mti uliokatwa mbichi kabla ya kuufanya fimbo. Huenda mtu akadhani kwamba jambo hili ni dogo mno kustahili hotuba. Nani asiyejua kukata fimbo? Hata mtoto achungaye mbuzi huingia kichakani akatoka na fimbo yake. Lakini fimbo ya kuchungia mbuzi si sawa na fimbo ya kumtegemeza mzee. Ile ya mtoto ikivunjika, hukata nyingine. Ile ya mzee ikivunjika, mtu huanguka.

Nami sisemi maneno ya kuambiwa. Nilipokuwa kijana, katika mwaka wangu wa kwanza baada ya kujifunza useremala, nilitaka kumfanyia baba yangu bakora. Nilikata shina la mpera nyuma ya nyumba siku ya Jumatatu. Jumatano nilikuwa nimekwisha kulichonga, kulipiga msasa na kulipaka vanishi. Jumamosi nilimkabidhi baba mbele ya wageni, nao wakanisifu sana. Baada ya majuma matatu ufa ukatokea chini ya kishikio, mwembamba kama uzi. Nikauziba kwa gundi na vumbi la mbao, nikapaka vanishi tena, nikanyamaza. Haukupita mwezi wa pili, baba alikuwa akivuka kijito baada ya mvua, akaiegemea fimbo kwa uzito wake wote, nayo ikapasuka kwa kuufuata ule ufa. Alianguka juu ya mawe akavunjika mkono. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, mti huu ulikuwa bado unakunywa maji, nawe ukanipa uwe mguu wangu."

Maneno hayo yalinitia haya, lakini pia yalinifanya nitafute kujua kwa nini mti hupasuka. Na leo nataka kuwapa yale niliyoyajua, ili mzee mwingine asianguke.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi maji yanavyokaa ndani ya mti. Mti umefanyika kwa mirija midogo mno, isiyoonekana kwa macho, iliyosimama pamoja kama fungu la matete. Katika mti mbichi maji yamo mahali pawili. Mengine yamejaa katika uwazi wa mirija, na mengine yamenywewa ndani ya kuta za mirija yenyewe. Mti ukianza kukauka, yale maji ya katika uwazi hutoka kwanza, na wakati huo mti hupungua uzito lakini hausinyai. Yakisha kwisha, na unyevu ukashuka hata kufika karibu sehemu 30 katika kila 100 za uzito wa mti mkavu, ndipo maji ya ndani ya kuta huanza kutoka. Hapo ndipo kuta husinyaa, na mti wote hupungua unene.

Tena mti hausinyai sawasawa kila upande. Kwa urefu husinyaa kidogo sana, hata haionekani. Kutoka katikati kwenda nje husinyaa zaidi. Lakini kwa kuzunguka, yaani kwa kufuata zile duara tunazoziona kwenye kisiki, husinyaa karibu mara mbili ya huko. Basi fikirini gogo la mviringo: mzunguko wake wataka kupungua kuliko katikati yake inavyoweza kupungua. Huo ni mvutano, na mwisho wa mvutano huo ni ufa unaotoka nje kwenda kwenye moyo wa mti.

Jambo hili huwa baya zaidi tukiharakisha. Fimbo mbichi ikiwekwa juani au karibu na moto, ngozi yake ya nje hukauka na kutaka kusinyaa, hali ndani bado imejaa maji na haitaki kupungua. Ngozi hiyo hukazwa kama nguo iliyombana mtu, mpaka ikararuka. Kwa hiyo kazi ya kukausha si kazi ya kuondoa maji upesi. Ni kazi ya kuyaondoa polepole, ili nje na ndani viende pamoja. Kwa ajili hiyo hutumia kivuli na upepo, wala si jua na moto.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Jambo la kwanza ni kuchagua mti. Zamani watu walikimbilia mpingo, maana ni mgumu, mweusi na wa kupendeza, tena ni mzito hata huzama majini. Lakini mpingo hukua polepole sana, na katika sehemu nyingi umepungua mno. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti inayoitwa Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo katika mkataba wa mataifa unaoangalia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Msiende msituni kukata ovyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata mti katika msitu wa umma bila kibali. Nasi hatuna haja ya kuvunja sheria, kwa sababu miti mizuri ya fimbo imo mashambani mwetu.

Mkulima wa kahawa anaweza kuwa na fimbo mia moja naye hajui. Mibuni ikisha kuzaa kwa miaka kadhaa, mashina ya zamani hukatwa ili machipukizi mapya yachukue mahali pake. Mashina hayo huishia jikoni, yakawa kuni. Lakini mti wa mbuni ni mgumu, umeshikamana, na hung'aa sana ukipigwa msasa. Fimbo zake ni nzuri mno. Mpera nao ni mti imara. Wengi wetu tuliufahamu miguuni, shuleni, kabla ya kuufahamu mikononi. Mzeituni wa mwituni, kama umeota katika shamba lako, hutoa fimbo nzito ya kudumu. Na wachonga vinyago wa Ukambani na wa pwani, tangu miaka ya 1990, wamehimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda badala ya mpingo na muhugu uliokuwa ukiisha. Kwa fimbo mimi nasifu mwarobaini kuliko hiyo miwili mingine, maana mwembe na jakaranda ni mepesi zaidi na hufaa vinyago na mabakuli.

Jihadharini na mti mmoja, ule wa sumu ya mishale, ambao wataalamu huuita Acokanthera. Mti wenye sumu si wa kufanyia kitu kinachoshikwa na mkono wenye jasho kila siku.

Jambo la pili ni wakati wa kukata. Kateni wakati wa kiangazi, mti usipokuwa ukichipua. Wakati wa mvua mti umejaa maji, na ganda lake huchubuka kwa urahisi. Wakati wa kiangazi ganda hushikamana na mti, na hilo ni jambo la maana kwa mtu anayetaka fimbo yenye ganda lake. Kateni kwa msumeno, kwa mkato safi wa mshazari, ili maji ya mvua yasitulie juu ya kisiki na machipukizi yaote tena. Anayekata vizuri leo hurudi kwenye kisiki kile kile baada ya miaka michache akakuta fimbo nyingine zilizonyooka.

Chagueni shina au tawi lenye unene wa sentimita 3 hivi, au zaidi kidogo, maana litapungua kwa kukauka na kwa kuchongwa. Kwa urefu, kateni liwe na sentimita 15 za ziada kila upande kupita fimbo mnayoitaka, kwa kuwa ncha ndizo zinazopasuka kwanza, nanyi mtazikata mwishoni. Mkiona tawi limeungana na shina kwa namna ya kishikio, msilitenganishe. Kishikio kilichoota chenyewe ni imara kuliko chochote kitakachotiwa gundi.

Kama mna gogo nene, msilikaushe zima. Lipasueni kwa kabari kupitia katikati, kisha vile vipande vipasueni tena, mkautupe moyo. Kipande kisicho na moyo hakina mvutano mwingi, nacho hukauka bila kupasuka. Nasema kabari, wala si msumeno, kwa sababu kabari hufuata nyuzi za mti. Msumeno hukata nyuzi kwa mshazari, na fimbo yenye nyuzi za mshazari huvunjika pale pale nyuzi zinapotokea nje, hata ikiwa kavu namna gani.

Jambo la tatu, nalo ndilo wengi hulisahau, ni kuziba ncha. Ile mirija niliyoitaja husimama kwa urefu wa mti, na midomo yake iko wazi katika ncha mbili. Maji hutoka kwa njia hiyo mara nyingi upesi kuliko ubavuni. Kwa hiyo ncha hukauka mbele ya sehemu nyingine, zikapasuka. Siku ile ile mliyokata, wala si kesho yake, chovyeni ncha katika nta ya nyuki au mshumaa ulioyeyushwa, au pakeni rangi ya mafuta mara mbili. Zibeni pia kila kovu la tawi mlilolikata ubavuni. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nasema, usipoziba ncha utatupa fimbo.

Jambo la nne ni ganda. Ganda huzuia maji yasitoke mbio, kwa hiyo ni rafiki wa fimbo katika majuma ya kwanza. Lakini wadudu hupenda kukaa chini yake. Mimi huacha ganda kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha huliondoa, isipokuwa kwa fimbo ninazotaka zibaki na ganda lao. Hizo huzikagua kila juma.

Jambo la tano ni mahali pa kuziweka. Fungeni fimbo kumi au kumi na tano pamoja, zilizonyooka zikizishikilia zile zenye kupinda. Kati yake tieni vijiti vyembamba ili upepo upite. Zilazeni juu ya chanja, chini ya paa, mahali penye hewa lakini pasipo jua. Dari ya ghala hufaa, na varanda ya upande usiopigwa na jua hufaa vile vile. Msizilaze chini, maana udongo una unyevu na mchwa. Msizisimamishe ukutani, maana zitapinda kwa uzito wake zenyewe. Wala msiziweke juu ya moto wa jikoni katika miezi ya kwanza. Kila juma fungueni fungu, mzigeuze, mfunge tena.

Sasa mtauliza, "Fundi, tungoje muda gani?" Jibu ni kwamba mti wenyewe utawaambia, kwa mizani. Chukueni mfano. Fimbo mbichi imepimwa siku ya kukatwa, ikawa na gramu 900. Andikeni tarehe na uzito huo juu yake kwa penseli. Ipimeni kila mwezi. Itashuka upesi mwanzoni, kisha polepole, mpaka mtaona imefika gramu 600 na mwezi unaofuata ni 600 tena, na mwingine vile vile. Hapo imekwisha kupatana na hewa ya mahali ilipo. Gramu 300 zimekwenda, yaani kikombe kikubwa kilichojaa maji, ambacho yule kijana mwenye haraka hukifungia ndani kwa vanishi na kumpa baba yake. Kwa fimbo za unene huo msitegemee chini ya miezi sita, na kwa miti migumu kama mzeituni na mbuni hesabuni mwaka mzima.

Tena kumbukeni kwamba ukavu wa Mombasa si ukavu wa Nairobi, wala ukavu wa Nairobi si ukavu wa Ulaya. Mti hunywa hewa ya mahali ulipo. Fimbo iliyotulia pwani, penye unyevu mwingi, ikipandishwa bara itapungua tena. Na ikipelekwa katika nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi, itapungua zaidi. Hii ndiyo sababu vinyago vingi vilivyonunuliwa na wageni hapa kwetu vimepasuka baada ya kufika kwao. Mnunuzi hakusema kwamba mti ulikuwa mbichi. Alisema kwamba fundi ni mdanganyifu, na mara nyingine hakununua. Mtu anayeuza mbali na akaushe zaidi. Fimbo ikisha kutulia kwenye mizani, iwekeni mwezi mmoja zaidi katika chumba chenye joto na ukavu, hapo ndipo joto halina madhara.

Jambo la sita ni wadudu. Bungua hupenda ule mti mweupe wa nje, kwa sababu una wanga. Mkiona vitundu vidogo vya mviringo, na chini yake unga laini kama wa ngano, jueni wameingia. Itengeni fimbo hiyo siku ile ile, isiwaambukize wenziwe. Dawa ya boraksi iliyoyeyushwa katika maji ya moto, ikipakwa fimbo inapovuliwa ganda, huwazuia. Na mwenye mibuni atazame sana: shina lenye tundu la funza anayetoboa mibuni lisifanywe fimbo hata kidogo. Lichomeni, kwa faida ya fimbo na ya shamba pia.

Jambo la saba ni kunyosha na kukunja. Samaki mkunje angali mbichi, na bakora vile vile. Kishikio cha kupinda hukunjwa mti ungali na unyevu kiasi, kwa mvuke wa maji yanayochemka, kwa kadiri ya saa moja kwa kila inchi ya unene. Mti ukipata joto hilo hulegea. Kunjeni polepole kwenye kigingi cha mviringo, mfunge kwa kamba, mwache hivyo mpaka ukauke. Fimbo iliyopinda nayo hunyoshwa kwa njia hiyo, au kwa njia ya wazee wetu, ya kuipitisha juu ya majivu ya moto huku ukiizungusha, kisha kuikaza kwenye panda ya mti na kuishika hivyo hata ipoe. Joto hulegeza, na kupoa hukaza. Anayeiachilia kabla haijapoa amefanya kazi bure.

Baada ya yote hayo ndipo mchonge. Kwa urefu, mwenye fimbo asimame wima amevaa viatu vyake, mikono ikining'inia, nanyi mpime kutoka ardhini hadi kwenye kifundo cha mkono wake. Fimbo ndefu mno huuchosha mkono na bega, na fupi humwinamisha mtu. Pigeni msasa, pakeni mafuta ya kitani mara tatu au nne, mkiacha siku katikati. Matambara yaliyolowa mafuta hayo msiyakunje na kuyatupa pembeni, kwa maana yaweza kupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yatandazeni nje yakauke. Na mkichonga mpingo wa zamani mliourithi, zibeni pua kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Mwisho tieni kiatu cha mpira chini ya fimbo, kisiteleze na kisinywe maji.

Najua kijana mmoja hapa anasema moyoni, "Mwaka mzima! Nitakula nini?" Ni swali la haki, wala silidharau. Mimi nami nilikuwa na njaa. Lakini anayepanda mahindi hungoja, na anayefuga ng'ombe hungoja. Kata fungu moja kila mwezi wa kiangazi, uendelee na kazi zako nyingine. Mwaka wa kwanza utakuwa mgumu. Mwaka wa pili kila mwezi utakuwa na fungu lililo tayari, na hutangoja tena. Tena fimbo kavu huuzwa kwa bei ya fimbo, bali fimbo mbichi huuzwa mara moja tu kwa mtu mmoja, naye huwaambia wengine wasije.

Nitamaliza kwa habari ya baba yangu. Mkono wake ulipona, ingawa haukunyoka sawasawa. Nilikata shina la mbuni katika shamba lake mwenyewe, nikaziba ncha, nikaliweka darini. Kila mara alipopita aliuliza, "Je, mguu wangu umekauka?" nami nikajibu, "Bado, baba." Baada ya miezi kumi na mitatu nilimpa. Aliigeuza mara mbili, akautafuta ufa kwa ukucha wake, asiuone. Aliitembelea miaka kumi na mmoja mpaka alipofariki, na leo iko nyumbani kwangu. Nimekuja nayo hapa. Ipokeeni, mpitishe mkono kwa mkono, mtafute ufa.